Hoteli Ndefu na Majani Yanayopukutika

Nchi zilizo mbali na ikweta huwa na majira ambayo hayana jina hasa katika lugha yetu. Vitabu huyaita vuli, lakini ukimwuliza mtu wa Lamu au wa Mombasa maana ya vuli, atakujibu kuwa ni zile mvua chache zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba, na atashangaa ukimwambia habari za majani mekundu. Wengine husema majira ya kupukutika kwa majani. Jina hili ni refu, walakini laeleza jambo lenyewe, kwa hiyo ndilo nitakalolitumia hapa, nawe msomaji uniwie radhi kwa urefu wake.

Mji wa New York uko kiasi cha digrii 41 kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Juni mchana wake huchukua saa 15. Mwezi wa Desemba hupungua hata kufikia saa 9 na kidogo. Sisi ambao mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima ni vigumu kuona maana ya jambo hili kwa mti. Usiku unapozidi kurefuka mti huanza kujiandaa kwa baridi. Ile rangi ya kijani, ambayo katika somo la sayansi huitwa klorofili, huvunjwavunjwa, na virutubishi vilivyomo ndani ya jani huvutwa kurudishwa kwenye matawi na shina, mithili ya mtu anayehama nyumba akachukua vyombo vyake vya thamani. Rangi ya manjano, iliyokuwamo tangu mwanzo lakini imefunikwa na kijani, sasa hujitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa wakati ule ule, kwa sukari iliyobaki katika jani, nayo huwa kali zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha maji. Kisha mahali kikonyo kinaposhikana na tawi huota utando mwembamba unaolikata jani, nalo huanguka. Ikiwa umepata kuishi Pwani, umeliona jambo la namna hiyo katika mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kudondoka. Basi fikiri mikungu elfu nyingi, yote ikigeuka rangi katika majuma machache.

Katika New York majuma hayo huangukia mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na mahali panaposifiwa kwa kuyatazama ni bustani kubwa iliyo katikati ya mji, iitwayo Central Park. Ina hekta 341. Mna mialoni, mna miti iitwayo mepo yenye majani mekundu kama kaa la moto, na mna safu za miti mirefu iitwayo elmi ambayo majani yake huwa ya manjano. Hoteli kubwa zimeizunguka bustani hii, na chumba ambacho dirisha lake laielekea hutozwa fedha nyingi kuliko chumba kinachoelekea ukuta wa jirani, ijapokuwa vitanda ni vile vile. Majira hayo ni miongoni mwa nyakati za bei ya juu kabisa ya vyumba katika mji ule. Wageni hutoka pande zote za dunia, hupanda lifti, hufungua pazia, na kutazama.

Nami nakuomba, msomaji, ufungue pazia hilo pamoja nami. Si kwa ajili ya kuisifu miti, maana wenye kuisifu wako wengi, bali kwa kuuliza maswali mawili ambayo mgeni wa hoteli kwa kawaida hayaulizi. La kwanza, palikuwa na nini pale kabla ya miti hiyo? La pili, ni nani aliyeruhusiwa kusimama dirishani?

Mwaka 1825 kijana mmoja Mwafrika wa Marekani, jina lake Andrew Williams, aliyekuwa akipiga watu viatu rangi, alinunua viwanja vitatu kwa dola 125. Viwanja hivyo vilikuwa mbali na mji wa wakati ule, mahali pa mawe na vichaka. Wengine walimfuata, na kanisa lao la Methodist nalo likanunua viwanja. Hivyo kikazaliwa kijiji kilichoitwa Seneca Village, baina ya mahali ambapo leo ni mtaa wa 82 na wa 89, upande wa magharibi wa bustani. Utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa katika jimbo la New York. Ulikomeshwa tarehe 4 Julai, 1827. Tena katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilikuwa na hila ndani yake: mzungu aliweza kupiga kura bila ya kuwa na ardhi, lakini mtu mweusi sharti awe na mali ya thamani ya dola 250. Kwa hiyo kiwanja katika Seneca Village hakikuwa mahali pa kulala tu. Kilikuwa njia ya kuipata kura.

Ilipofika mwaka 1855 kijiji kilikuwa na watu wapatao 225, theluthi mbili wakiwa weusi na waliobaki wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Walikuwa na makanisa matatu, na shule ya watoto wao. Lakini wenye mali wa mji walikuwa wakitamani bustani kama zile za London na Paris, na mwaka 1853 baraza la jimbo lilikuwa limekwisha kutoa sheria ya kuitwaa ardhi yote ile kwa ajili hiyo. Magazeti ya wakati huo yaliwaeleza wakazi wa eneo zima kuwa ni maskini waliojivamia mahali pasipo pao. Twajua kwa hati za viwanja kwamba kwa Seneca Village hayo hayakuwa kweli. Andrew Williams alidai alipwe dola 3,500 kwa nyumba na viwanja vyake; akapewa dola 2,335. Kufikia mwisho wa mwaka 1857 kijiji kizima kilikuwa kimeondolewa. Katika eneo lote la bustani waliohamishwa wanakisiwa kuwa 1,600.

Mwaka uliofuata wasanifu wawili, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walishinda mashindano ya kuichora bustani. Kazi yao ni ya kusifiwa, wala sitaki kuwanyima haki yao. Vilima vingi na vijito ambavyo mgeni hudhani viliumbwa hivyo tangu mwanzo vilitengenezwa kwa mikono ya wanadamu, kwa baruti na mikokoteni, na miti ilipandwa kwa mpango ili rangi moja ifuate nyingine. Olmsted alitaka tajiri na fukara watembee katika njia moja. Hili nalo ni kweli, na mwanafunzi wa historia ni lazima azoee kushika kweli mbili kwa wakati mmoja, hata zikiwa hazipatani.

Sasa tuje kwenye hoteli zenyewe. Zamani msafiri wa Marekani alilala katika nyumba za wageni ambamo aliweza kulazimishwa kulala kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Mwaka 1829 ilifunguliwa katika mji wa Boston hoteli iitwayo Tremont House, ambayo kila chumba kilikuwa na kufuli na ufunguo wake, na mgeni alipewa sabuni bila malipo. Watu walistaajabu. Lakini hoteli za wakati huo hazikuweza kupita ghorofa tano au sita, kwa sababu iliyo wazi: magoti ya watu. Nani angelipa fedha nyingi ili apande ngazi mia? Vyumba vya juu vilikuwa vya bei nafuu, wakalala humo watumishi na wageni wenye mifuko miepesi.

Kilichopindua mambo ni lifti. Mwaka 1854, katika maonyesho mjini New York, fundi aitwaye Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba mbele ya umati wa watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likanaswa na breki aliyoivumbua. Miaka mitano baadaye, 1859, Fifth Avenue Hotel ya New York ilifunguliwa ikiwa na lifti ya kupandisha wageni. Kisha mwaka 1885 ukamalizika mjini Chicago ujenzi wa jumba la ghorofa kumi ambalo uzito wake ulibebwa na kiunzi cha chuma badala ya kuta. Tangu hapo nyumba iliweza kwenda juu kadiri ya fedha za mwenyewe. Angalia, msomaji, jinsi chombo kimoja kinavyoweza kugeuza vyeo: chumba cha juu, kilichokuwa cha mtumishi, kikawa cha bwana, na thamani ya mandhari, ambayo zamani hakuna aliyeiuza, ikaingia katika hesabu ya malipo.

Tarehe 1 Oktoba, 1907, ilifunguliwa kwenye pembe ya kusini-mashariki ya Central Park hoteli iitwayo Plaza. Chumba kilianzia dola mbili na nusu kwa usiku mmoja, na matajiri waliokaa humo muda mrefu walikuwa na vyumba vinavyotazama miti. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Waldorf-Astoria. Hoteli hiyo ilianza kama hoteli mbili zilizojengwa na watu wawili wa jamaa moja waliokuwa hawaelewani, William Waldorf Astor mwaka 1893 na John Jacob Astor wa Nne mwaka 1897, kisha zikaunganishwa kwa ujia. Mwaka 1929 ilibomolewa ili kupisha ujenzi wa Empire State Building, na Waldorf-Astoria mpya ikainuliwa mahali pengine, Park Avenue, juu ya njia za reli. Ilikuwa na ghorofa 47, urefu wa mita 191, na vyumba vipatavyo 2,200. Hapakuwa na hoteli ndefu kama hiyo duniani.

Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1931, na Rais Herbert Hoover akaipongeza kwa hotuba ya redio kutoka Washington. Wakati huo Marekani ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi. Mamilioni hawakuwa na kazi. Katika Central Park kulikuwa na hodhi kubwa la maji lililokaushwa ili pafanywe uwanja wa nyasi, na mwishoni mwa mwaka ule ule watu wasio na makao walianza kujenga vibanda humo. Vibanda vya namna hiyo, popote vilipokuwa katika nchi ile, watu waliviita kwa jina la Rais: Hooverville. Miongoni mwa hao wa bustanini walikuwamo waashi waliokosa kazi, nao walijenga nyumba ya matofali iliyonyoka kuliko vyote, wakaipa jina kwa mzaha: Rockside Inn, kana kwamba nayo ni hoteli. Kutoka madirisha ya ghorofa za juu kando ya bustani vibanda hivyo vilionekana wazi. Viliondolewa mwaka 1933.

Swali la pili, la nani aliyeruhusiwa kulala, lina historia ya kisheria ambayo ni vema uijue. Mwaka 1875, miaka kumi baada ya vita vya kukomesha utumwa, Bunge la Marekani lilitoa sheria iliyokataza nyumba za wageni kumbagua mtu kwa rangi yake. Tarehe 15 Oktoba, 1883, Mahakama Kuu ya nchi iliibatilisha, ikisema Bunge halina uwezo wa kumwamrisha mtu binafsi katika biashara yake. Jimbo la New York lilitoa sheria yake lenyewe mwaka 1895, lakini sheria iliyoandikwa si sawa na sheria inayofuatwa. Karani wa hoteli hakuhitaji kusema neno baya. Alitazama daftari, akasema vyumba vimejaa. Wanamuziki weusi walipiga muziki katika kumbi za hoteli za Marekani, watu wakawashangilia, kisha wakatokea mlango wa jikoni kwenda kutafuta malazi kwingine. Tarishi mmoja wa mtaa wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kutoa kitabu cha kila mwaka chenye orodha ya hoteli na mikahawa iliyokubali kuwapokea watu weusi. Fikiri hali ya nchi ambayo msafiri huhitaji kitabu kama hicho ili ajue atakapolaza kichwa.

Wala usidhani kuwa haya yalikuwa ya Marekani peke yake. Katika Nairobi ya wakati wa ukoloni Mwafrika aliingia hoteli kubwa akiwa na trei mkononi au ufagio, si akiwa mgeni.

Mwezi wa Oktoba 1957, Ghana ikiwa na miezi saba tu tangu kupata uhuru, waziri wake wa fedha, K. A. Gbedemah, alikuwa safarini kwa gari katika jimbo la Delaware. Alisimama kwenye mkahawa mmoja kando ya barabara akaagiza maji ya machungwa. Aliuziwa, lakini akaambiwa hawezi kukaa na kuyanywa humo ndani kwa sababu ya rangi yake. Habari zilienea duniani. Siku chache baadaye Rais Eisenhower alimwalika Gbedemah kifungua kinywa katika Ikulu ya Washington. Ilikuwa adabu njema, ila mkahawa wenyewe haukubadilishwa na kifungua kinywa hicho.

Miaka mitatu baadaye ikaja kadhia mashuhuri kuliko zote. Septemba 1960 viongozi wa dunia walikusanyika New York kwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na mwaka huo nchi 16 mpya za Afrika zilikuwa zikiingizwa uanachama. Fidel Castro wa Cuba alifikia hoteli iitwayo Shelburne katikati ya mji. Akagombana na wenyeji wake juu ya fedha za dhamana, na usiku wa tarehe 19 akaondoka na ujumbe wake wote, wakaenda Harlem, katika Hotel Theresa.

Theresa ilifunguliwa mwaka 1913, ghorofa 13, jengo refu kuliko yote ya mtaa ule. Kwa miaka 27 haikumpokea mgeni mweusi, ijapokuwa Harlem iliyoizunguka ilikuja kuwa ya watu weusi. Mwaka 1940 iligeuza desturi yake, na tangu hapo wanamichezo, wanamuziki na wanasiasa weusi wakaifanya makao yao, hata ikaitwa Waldorf ya Harlem. Castro alipowasili, umati ulijaa barabarani. Malcolm X alimtembelea usiku ule ule, na kesho yake Khrushchev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, akaja Harlem kumwamkia. Nasser wa Misri na Nehru wa India walifika pia. Tarehe 22 Eisenhower aliwaandalia wajumbe wa Amerika ya Kusini chakula cha mchana katika Waldorf-Astoria, asimwalike Castro. Naye Castro akala siku hiyo pamoja na watumishi weusi wa Theresa. Huenda ukasema alikuwa akicheza mchezo wa siasa, na kwa maoni yangu ndivyo ilivyokuwa. Lakini mchezo huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na hoteli mbili za namna mbili katika mji mmoja, na kila mtu alijua kwa nini ni mbili.

Baina ya visa hivi viwili, Septemba 1959, ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81 kutoka Kenya. Safari yao ilikuwa imepangwa na Tom Mboya pamoja na rafiki zake Wamarekani, na barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Hawakuja kwa ajili ya hoteli. Walitawanyika katika vyuo vya majimbo mengi, na majuma machache baadaye wale waliokuwa kaskazini waliona, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, mti ukigeuka mwekundu na kubaki mtupu ilhali haukukatwa wala haukuungua.

Sheria iliyomaliza ubishi wa hoteli ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai, 1964. Mwenye hoteli moja ya Atlanta, iliyokuwa na vyumba 216, alikwenda mahakamani akidai kuwa ana haki ya kuchagua wageni wake. Mahakama Kuu ilimkatalia tarehe 14 Desemba mwaka huo, majaji wote tisa wakikubaliana. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara kuliko ya utu: kwamba hoteli hupokea wasafiri wanaotoka jimbo moja kwenda jingine, na biashara ya baina ya majimbo ni ya Bunge kuitungia sheria. Hivyo mlango uliofungwa mwaka 1883 ulifunguliwa baada ya miaka 81, kwa ufunguo mwingine.

Uhuru huo ulikuwa na jambo la ajabu ndani yake. Hoteli za watu weusi zilipoteza wateja, kwa kuwa wenye uwezo sasa waliweza kulala popote. Theresa ilifungwa mwaka 1967 ikageuzwa kuwa ofisi, nayo bado imesimama na jina lake ukutani. Waldorf-Astoria ilikuwa imenunuliwa na Conrad Hilton mwaka 1949, ambaye kampuni yake ilikuja kuendesha Hilton ya Nairobi tangu 1969 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2022. Baadaye Waldorf-Astoria iliuzwa kwa kampuni ya Kichina, ikafungwa mwaka 2017 kwa matengenezo, ikafunguliwa tena mwaka 2025, sehemu kubwa yake ikiwa nyumba za kuuzwa. Karibu na Plaza, upande wa kusini wa bustani, yamesimama majumba membamba ya makazi yapitayo mita 400, na kivuli chake siku za jua la baridi huifikia miti.

Mwaka 2011 wanahistoria na wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale Seneca Village. Chini ya udongo walikuta misingi ya mawe ya nyumba, birika la chai la chuma, vipande vya vyombo vya kaure, na soli ya kiatu cha mtoto. Ukijaliwa siku moja kufika New York mwishoni mwa Oktoba, ingia bustanini kwa upande wa magharibi, karibu na mtaa wa 85. Utakuta vibao vinavyoeleza ni nani aliyekaa wapi. Kiingilio hakuna, na majani ya hapo ni yale yale yanayoonekana kutoka ghorofa za juu.